Viatu vya Penseli

Miezi minne nilitafuta mahali pa kukanyaga pedali katika wimbo mmoja. Kila jioni nilifunga duka langu Majengo, nikaenda kanisani kwetu Ruring'u kufanya mazoezi. Jumapili ya mwisho ya Julai kamati ingechagua mpiga piano wa kwaya, na nilikitaka kiti kile kuliko kitu chochote.

Pedali ya kulia huacha noti ziendelee kusikika hata ukiinua vidole. Ukiikanyaga mno, wimbo unakuwa uji, ukiiacha, unakauka. Nilijaribu kipande kwa kipande, na kila nilipopata mahali panapofaa nilichora kiatu kidogo kwa penseli kwenye karatasi ya wimbo, chini ya mistari ya noti. Siku moja nilikuwa nimevaa viatu vya mama, kwa hiyo kiatu kimoja cha ukurasa wa pili nilikichora na kisigino kirefu.

Jumamosi, siku moja kabla ya kamati kuchagua, Mwalimu Wahome wa kwaya alinisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Kagure, hii kanisa inavuma sana. Utaharibu. Toa pedali yote."

Akatoa raba mfukoni, akafuta viatu vyangu kimoja kimoja, akipuliza vumbi. Alinifundisha piano tangu nikiwa darasa la tano. Ningeachaje kumwamini?

Kanisa huvuma likiwa tupu. Jumapili lilijaa watu wenye makoti na masweta ya baridi ya Julai, na nguo nzito humeza sauti. Mimi mjinga sikulifikiria hilo. Mwalimu alilijua vizuri, maana alikuwa amepiga piano ile miaka ishirini. Noti zangu zilidondoka kavu kama mahindi kwenye debe. Kisha akapiga Wangui, mpwa wake, wimbo uleule, kwa pedali, na kina mama wakafumba macho. Kiti kikawa chake.

Alhamisi, kwenye mazoezi ya kwaya, mwalimu akaniita.

"Kagure, wewe unajua huu wimbo. Si ukae hapa ufungulie Wangui kurasa?"

Nikakaa. Nikafungua ukurasa wa pili wa karatasi za Wangui. Viatu vyangu vyote vilikuwa chini ya mistari, vimechorwa kwa mkono wa mwalimu. Karatasi zangu zilikuwa zikilala kanisani, naye alikuwa amevinakili kabla ya kuvifuta.

Wangui akaninong'oneza, "Hii iko na kisigino maana yake ni nini? Anko aliniambia nikanyage tu."

Maskini, hakujua lolote. Nikamgeukia Wahome, kwaya nzima ikisikia.

"Mwalimu, uko na ile raba?"

Mkono wake ukaenda mfukoni, ukabaki humo.