Wageni Waliotoka Sandukuni

Siku ya wazazi, Nzilani wa kidato cha pili aliketi juu ya jiwe mbele ya jiko la shule yao ya bweni, chini ya vilima vya Iveti, akitazama lango. Mama yake alikuwa fundi cherehani katika kiwanda kimoja cha mashati kule Athi River, na alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja.

Saa nne, Mama akiwa bado hajafika, herufi saba za jina lake zilibanduka kwenye sanduku lake la bati, zikatokea dirisha la bweni, zikazunguka ua mzima hadi langoni, kwa kuwa shule haimtambui mgeni asiyepitia langoni.

Mama ndiye aliyeziandika, kwa rangi nyeupe na kijiti kilichotafunwa ncha, huku akichelewa kazini. N ya kwanza iliegemea kushoto, jinsi anavyosimama mwenyewe mgongo ukimuuma. Z ilikokota mkia.

"Wageni wote waandike jina," alisema bawabu, Mzee Ndunda.

Herufi zikalala kwenye karatasi, zikainuka, zikaacha alama.

"Mwandiko safi kushinda wa pasta," alisema, akazifungulia.

Zikaketi kumzunguka Nzilani, zikinuka rangi. Hazikuleta chapati wala kuku. Nzilani aliiegemea N, nayo ikamwegemea.

Kanini, jirani yake wa kitanda, alipita na paja la kuku mkononi. "Heri wako, hawaulizi alama. Mamangu ameanzia fizikia."

"Wangu hawasemi kitu."

"Si ndio raha?"

Nzilani alipangusa vumbi kwenye mkia wa Z.

Kengele ya saa kumi ilipolia, herufi zilirudi sandukuni, Z ikiwa ya mwisho kwa sababu ya mkia. Nayo shule, kwa utaratibu wake mtukufu, ikamtumia mama mtu ujumbe wa simu: mtoto wako ametembelewa na herufi saba.

Jumapili, matroni alimwazima Nzilani simu. Upande wa pili cherehani zilikuwa zikinguruma.

"Msimamizi wetu wa kiwanda ameona ile meseji ya shule," Mama alisema. "Anasema kama ulitembelewa, ruhusa ni ya nini tena? Hata ya muhula ujao amekataa. Mwana wakwa, mwanangu, zilifika salama?"

"Zilifika, Mama. N bado inaegemea kushoto."

"Hata mimi."

Muhula uliofuata, siku ya wazazi, Mzee Ndunda alipanga viti saba mbele ya jiko mapema, bila kuambiwa na mtu.