Viti Vinane vya Ndũkũ

Niliota usiku wa jana kwamba nimetumwa kulihamisha jina langu, herufi moja moja, kutoka ukumbi mpana hadi ukumbi mwembamba.

Aliyenituma ni Kavutha, yule injinia ninayempikia chai kazini. Yeye huandika programu za kompyuta, na hii ya sasa ni ya kuchapa kadi za watu wazima watakaofanya mtihani wa shule ya msingi. Mimi ni mmoja wao. Orodha inaondoka leo saa sita mchana, na mpaka jana jioni mashine ilikuwa bado inalikataa jina langu. Kavutha alinieleza nikiwa nimeshika birika: "Ndani ya programu kila herufi ina nafasi pana, zote sawasawa. Zikienda kwenye kadi lazima zibanwe. Zako hazibaniki." Nilitaka kumuuliza jambo, nikaona haya, nikaenda kuosha vikombe.

Basi, ndotoni, niko ukumbini. Herufi zangu tano zimeketi, kila moja na kochi lake la watu wanne. N amelala chali. d amenyoosha mguu. Wale ũ wawili, ambao ni pacha, wamevaa kofia zao za mawimbi. k anakula karanga.

"Ndũkũ," N ananiita bila kuinuka, "huko tuendako kuna makochi?"

"Kuna vigoda," nasema. "Nimepanga vitano."

Kochi la k linacheka mpaka linatoa vumbi. "Amehesabu vichwa!"

Ni kweli. Ndivyo tunavyohesabu kwetu kwenye arusi: kichwa kimoja, kiti kimoja.

Pacha wa kwanza ananieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni chooni. "Dada, kule kofia hukalia kigoda chake. Mimi viwili, pacha wangu viwili."

"Basi ni saba."

"Nane," inasema sauti kutoka mlangoni.

Pale amesimama mtu wa mviringo, hana uso, tumbo wazi kama pete. Ni Sufuri.

"Wewe humo katika jina langu," namwambia.

"Simo. Ila mimi hukaa mwisho. Nisipokaa, msomaji hajui pa kunyamaza. Atasoma jina lako, apitilize hadi kwa jirani, asome na yaliyomo chunguni mwake."

Namfikiria jirani yangu, Mama Syokau, na mambo ya nyumba yake. Nakubali nane.

Nageuka kutafuta vigoda vitatu na niko darasa la tano. Mwalimu Nzioka anaandika ubaoni. Hageuki.

"Ndũkũ, umechelewa miaka kumi na mmoja."

"Nimekuja kuchukua viti tu, mwalimu."

"Chukua chako. Hakuna aliyekikalia. Na hivyo viwili vya kando pia, wenyewe waliolewa."

Navibeba kichwani. Changu bado kina joto.

Mlango wa ukumbi mwembamba unalindwa na kufuli kubwa la shaba. N anapita. d anapita. Pacha wa kwanza anafika, na kufuli linajifunga kah!

"Kofia hiyo ya wapi?"

"Ya kwetu," anasema pacha.

"Kwenu ni wapi? Hakuna aliyetangaza mahali. Pasipotangazwa mahali, mimi huhesabu kwamba tuko C."

"C ni wapi?" nauliza.

"Ni kwao mashine yenyewe, mahali pasipovaliwa kofia."

"Aivue basi tupite!" k anasukuma kutoka nyuma. "Karanga zimeniishia."

"Nikiivua si mimi tena," anasema pacha. "Nikiivua nimekuwa u, binamu yangu, na hatusemezani."

Kufuli halijali. "Herufi moja ikikwama, jina zima limekwama. Hao wawili walioingia watarudishwa. Na mwenye jina ataandikwa Hasi Moja, alama ya mashine ya kushindwa."

Linatema kadi kupitia tundu la ufunguo. Picha ni yangu. Chini yake pameandikwa: Mtahiniwa Hasi Moja. Najiona siku ya mtihani, msimamizi akiita, "Hasi Moja, inuka," nami nainuka.

"Nifanye nini?"

"Tangaza mahali. Kwa sauti."

Nanong'ona jina la kwetu.

"Sijasikia."

Naongeza kidogo.

"Huyo ni mbu au mtu?" kufuli linauliza.

Herufi zote zinanitazama. Hata Sufuri, asiye na macho, ananitazama. Na mimi ni mtu ambaye dukani nikiulizwa nataka nini huonyesha kwa kidole. Naitazama tena ile kadi. Wino wa Hasi Moja unaanza kukauka.

Natua viti chini. Najaza kifua.

"TUKO KATHONZWENI!" napaza. "NA KOFIA TUNAVAA!"

Kufuli linafyatuka. Pacha anapita na kofia yake, vigoda viwili. k anapita, kimoja. Pacha wa pili, viwili, na anamkanyaga k makusudi. Mwisho kabisa Sufuri anakikalia kile kiti changu cha darasa la tano, na kila kitu kinanyamaza.

Nikaamka koo likiniwasha. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Simu ikatetemeka, ujumbe kutoka kwa Kavutha:

"Ndũkũ, mashine imelikubali jina lako! Limechukua nafasi nane, kama inavyotakiwa. Orodha naituma sasa hivi. Lakini niambie, nani ameingia kwenye programu yangu? Ule mstari wa kutangaza mahali, unaoiambia mashine herufi ni za wapi, niliusahau kabisa, na leo nimeukuta umeandikwa: Kathonzweni. Mashine haijui mahali panapoitwa hivyo, na bado inafanya kazi. Niufute?"

Niliusoma mara mbili. Kisha, badala ya kuandika, nilimpigia.

"Usiuguse," nikamwambia, kwa sauti.