Maboksi ya Shemeji

Wapagazi wa ghala la mizigo pale uwanja wa ndege walimwita Bi Pua, na wala si kwa ukubwa wa pua yake. Msimamizi huyo wa mapokezi alikuwa hapitishi shehena bila kuinama na kuinusa kwanza, kama mama anayepima maziwa ya jana. Watu huficha mengi ndani ya zawadi: petroli, rangi, mitungi ya gesi. Chini hapa ni uzembe. Kule juu, ndani ya tumbo la ndege iliyojaa roho za watu, ni msiba.

Asubuhi hiyo alikuja shemeji yake, mume wa mdogo wake. Alikuwa wakala wa kusafirisha mizigo, na kwa kawaida aliwatuma wafanyakazi wake. Siku hiyo alikuja mwenyewe, shati limenyooka kwa pasi, mkononi chupa ya chai.

"Shemeji, habari za kazi? Mdogo wako kasema nikuletee chai."

"Nzuri. Na hayo maboksi?"

"Nguo tu. Mashati ya wanafunzi. Nifanyie hisani yaondoke na ndege ya mchana huu, mteja ananikaba koo."

Bi Pua aliipokea chupa akaiweka chini bila kuifungua. Tangu lini mdogo wake akamkumbuka kwa chai? Akaanza kuunganisha mambo. Juzi shemeji alikuja kumtengenezea bomba bila kuitwa. Jana alipiga simu kuulizia goti lake, goti ambalo lina miaka linamuuma na hajawahi kulijali. Wema wa ghafla una lake jambo.

Wapagazi walipoanza kushusha maboksi, dereva wa foklifti, waliyemwita Kobe kwa mwendo wake, aliinua moja kwa mikono akaguna.

"Mashati haya yameshonwa kwa chuma, au?"

"Kitambaa kizito," shemeji akajibu haraka, kabla mtu hajamaliza kucheka.

Haraka hiyo nayo Bi Pua aliiona. Aliyaweka maboksi kwenye foleni ya eksirei kama mizigo ya mtu mwingine yeyote. Shemeji naye, badala ya kwenda zake, akabaki anazungukazunguka, mara anatazama saa, mara anatazama mlango.

Harufu ilikuja taratibu. Tamu, kali kidogo, kama rangi ya kucha katika chumba kilichofungwa madirisha. Bi Pua aliifuata hadi kwenye boksi lililokuwa pembeni. Utepe wake ulikuwa umelegea na ubavu umetuna. Akasogeza mgongo wa kiganja bila kugusa. Joto lilikuwa kama la pasi iliyotoka kuzimwa.

"Shemeji, humu mna nini?"

"Nimeshakwambia, nguo."

"Nguo hazishikwi na homa." Akageuka akapaza sauti. "Wote nje! Kobe, zima mashine uiache hapo hapo. Fungueni milango, mkae upande upepo unakotoka. Mtu asiguse kitu!"

Wapagazi hawakuuliza, wakatoka. Yeye akakimbilia mlangoni, akawapigia simu zimamoto wa uwanja na kuagiza ndege isikaribie ghala. Kupitia mlango aliwaona abiria wamejipanga kwenye ngazi, mama mmoja akimpungia mkono mtu asiyeonekana.

Alipogeuka, shemeji alikuwa bado ndani.

"Unaniaibisha mbele za watu!" alisema. "Ungekuwa ni moto, ningefanya hivi?" Akaketi juu ya boksi lile lililotuna.

Bi Pua akasita. Hivi huyu ni mwongo anayecheza kamari na roho yake, au hajui kweli? Kisha akilini akamwona mdogo wake amevaa nguo za ujane. Akakimbia, akamkwida ukosi, akamburuta. Hawajafika mlangoni, boksi likaanza kuchemka kama mafuta ya kukaangia. Likapasuka. Moshi mweupe ukatambaa sakafuni, ndimi za moto zikafuata, na vitu vikaanza kuruka ndani vikilia kama bisi. Walianguka nje wakikohoa, suruali ya shemeji imeungua nyuma na paja limebabuka.

Zimamoto waliingia na vinyago vya hewa. Walimwaga maji mengi, na moto ulipozimika wakaendelea kumwaga, maana walichokuta humo ni betri, na betri za aina hiyo huwaka tena baada ya kukudanganya kuwa zimekufa. Zilikuwa za simu, mbovu na zilizovimba, zimeviringishwa ndani ya mashati.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Kobe alinong'ona.

Polisi walipomhoji, Bi Pua alisema yote, hata bomba na goti. Mteja alikamatwa. Shemeji aliachiwa, lakini leseni yake ikasimamishwa, na mdogo wa Bi Pua akaacha kupokea simu za dada yake.

Bi Pua akaenda mwenyewe nyumbani kwao. Alimkuta shemeji amelala kifudifudi sebuleni.

"Ulinishuku," alisema bila kumtazama.

"Nilikushuku. Na sasa bado. Mtu anayejua hakalii moto. Lakini asiyejua haji na chai."

Shemeji aligeuzia uso ukutani.

"Niliinua boksi moja dukani kwa mteja," alisema. "Nikashuku uzito. Nikajiambia kuuliza si kazi yangu. Pale ghalani sikukalia boksi ili wewe uniamini, shemeji. Nilikuwa najaribu kujiaminisha mwenyewe."

Mdogo wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisikia. Alivuta kiti akamsogezea dada yake.

Leseni ilirudishwa baada ya miezi kadhaa. Siku shemeji alipoleta mzigo wake wa kwanza, Bi Pua alimwelekeza kwenye meza ya ukaguzi mbele ya wapagazi wote. Shemeji aliomba kisu, akakata utepe wa kila boksi kwa mkono wake, kisha akasogea pembeni ili Bi Pua ayanuse.