Mpira Uliokatwa Mshazari

Baba mkwe wa fundi alikuwa seremala, na alipostaafu alifanya jambo lililowachekesha watoto wake wote: alinunua basi chakavu, akang'oa viti, akajenga nyumba humo ndani. Vitanda viwili, kabati la vyombo, jiko la gesi, mlango unaofungwa kwa komeo la mbao. "Wengine wanazeekea kibarazani," alisema, "sisi tutazeekea barabarani." Mama mkwe alinuna wiki mbili, kisha akashona mapazia.

Fundi alikuwa amemuoa binti yao wa kwanza. Alikuwa na gereji yake, na sifa yake kubwa ilikuwa magari ya springi za upepo, yale yanayokaa juu ya mifuko ya mpira iliyojazwa hewa badala ya vyuma. Basi la wazee lilikuwa la namna hiyo. Kwa hiyo mpira wa kupitishia upepo upande wa nyuma kushoto ulipochakaa, hakuulizwa mtu mwingine. Aliubadilisha Jumamosi moja mchana, akarudi zake.

Wiki tatu baadaye wazee walienda kupumzika kando ya ziwa, pamoja na shemeji yake fundi, mdogo wa mkewe. Basi lililala limesimama sawa, likaamka limeinama kushoto kama mtu mwenye jino bovu. Mama mkwe alikuwa keshabandika birika. Shemeji alipopanda ngazi, basi likashuka kidogo zaidi, birika likateleza, na maji ya moto yakammwagikia mama mguuni.

Fundi alipigiwa simu, akafika kabla ya saa sita. Alimkuta mama kwenye kiti cha kukunja, mguu umefungwa bendeji hadi kifundoni, na wote wakimsubiri yeye kama daktari wa pili. Akalala chali pembeni, akachungulia bila kuingia uvunguni, maana gari la upepo likitaka kushuka halipigi honi. Aliona jambo moja tu: kisanduku cha mbao ambacho mzee alikifunga chini ya sakafu cha kuwekea zana, na skrubu ndefu iliyotokeza jirani na ule mpira. Hakutazama zaidi. Akainuka, akajipangusa mikono.

"Baba," alisema, "hii ni skrubu yako. Imetoboa mpira wa upepo."

Hakusema kwa ukali. Baadaye alijitetea moyoni kwamba hakusema kwa ukali. Lakini alisema mbele ya wote, tena akaongeza kisichoombwa: "Mikono ya sasa si ile ya zamani. Kazi nyingine tuachieni sisi."

Mzee alikuwa na mtetemeko wa vidole tangu mwaka uliopita, na familia nzima ilikuwa imekubaliana kimyakimya kutoutaja. Aliutazama mguu wa mkewe, akaitazama mikono yake, kisha akaitia mifukoni.

"Kweli, mkwe," alisema. "Nisamehe, mama watoto."

Injini ikinguruma, kompresa, ile pampu ya upepo, iliweza kujaza haraka kuliko upepo ulivyotoka, hivyo fundi akaliendesha basi polepole mpaka gereji. Kesho yake aliliinua kwa jeki, akaliweka juu ya stendi imara, akajaza upepo hadi geji ikasoma sawasawa, kisha akaingia chini na chupa ya maji ya sabuni. Penye tundu la upepo, povu lazima liseme.

Alianza kwenye skrubu ya mzee. Akapuliza sabuni, akasubiri. Povu likakaa kimya. Akapuliza tena, akauzungusha mpira, akaupitishia kidole kama mtu anayembembeleza shahidi. Hapakuwa na tundu. Hapakuwa hata na mkwaruzo. Kati ya ncha ya skrubu na mpira palikuwa na nafasi ya upana wa kidole.

Akaendelea. Mfuko wenyewe ulikuwa mzima. Valvu ya kupimia kimo, nzima. Akafika pale mpira unapoingia kwenye mfuko, kwenye kiungio alichokifunga yeye mwenyewe, na kabla hajaweka chupa chini, kitone cha povu kikavimba, kikapasuka, kikavimba tena.

Alitoa upepo, akauchomoa mpira. Mwisho wake ulikuwa umekatwa mshazari, kama ulimi. Mpira wa namna hiyo hukatwa kwa mkato ulionyooka, la sivyo pete iliyo ndani ya kiungio huukaba upande mmoja na kuuachia upande wa pili. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo. Ile Jumamosi kikatio cha mipira kilikuwa ndani ya gari lake, hatua ishirini tu, na mpira wa miguu ulikuwa unakaribia kuanza kwenye televisheni. Alitumia kisu.

Alibaki amelala pale chini. Si kukosea kulikomuumiza. Kila fundi hukosea. Kilichomuumiza ni jinsi lilivyomjia upesi lile neno juu ya mikono ya mzee, utadhani alikuwa amelibeba siku nyingi akitafuta pa kulitua.

Akaukata mpira upya, mkato ulionyooka, akausukuma hadi mwisho, akauvuta kuhakikisha umeshika. Akajaza upepo, akalishusha basi, akapima kwa tepu kutoka ardhini hadi kwenye bodi, akaweka alama ya chaki. Asubuhi kipimo kilikuwa kilekile. Njiani kwenda ukweni akawa anajizoeza neno moja: "Nimelitengeneza." Ni neno la kweli, na ndani yake uongo mzima ungeweza kukaa kwa nafasi.

Langoni alipishana na jirani aliyebeba randa ya mzee kwapani.

"Anagawa," mama mkwe alimwambia sebuleni, mguu juu ya kigoda. "Jana jioni msumeno, leo randa. Anasema hataki hata kuziona. Hata hivyo asante, mwanangu. Bila wewe, huyu bwana angenichemsha mzima."

Mzee aliupokea utani huo kwa tabasamu dogo, kama mtu anayelipa faini. Fundi akaona hawezi.

"Mama, si yeye," alisema. "Ni mimi. Skrubu haikugusa kitu. Mpira niliukata vibaya mwenyewe. Nilikuwa na haraka."

Mama aliushusha mguu kutoka kwenye kigoda.

"Ulijua lini?" mama aliuliza.

"Jana mchana."

"Na jana jioni, msumeno ukitoka hapa, ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Ukala?"

"Nikala, Mama."

Mzee ndiye aliyesogea mbele. "Ilikuwa mbali kiasi gani? Ile skrubu."

"Upana wa kidole."

"Niliipima," mzee alisema taratibu. "Nililala chini pale nikaipima mara mbili. Uliponiambia imetoboa, nikasema basi, hata kupima siwezi tena."

Fundi alianza kuomba radhi, lakini mama alimkata.

"Mpigie shemeji yako. Ulimvua mwenzio nguo mbele ya watu, mvishe mbele ya watu."

Akapiga simu, sauti ikisikika na wote, akarudia yote tangu kisu hadi neno la mikono. Shemeji hakumtukana. Alisema tu, "Haya, tumesikia," na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Jioni hiyo alizunguka kwa majirani kurudisha zana, na kila mlango ulitaka kujua kwa nini. Aliyechukua msumeno alimwita na mkewe aje asikie vizuri.

Zana zilirudi zote, isipokuwa patasi moja iliyokwishavunjwa mpini. Mguu wa mama ulipona, ukaacha baka. Mzee alirudi kazini, akajenga rafu ya pili ndani ya basi, imara na ya kupendeza. Lakini sasa, kabla ya kukaza skrubu yoyote, huita kwanza: "Mama watoto, hebu njoo unitazamie." Zamani hakuwahi kuita mtu. Fundi akiwepo, huinama akajifanya anakagua matairi, mpaka mama amalize kutazama na kusema iko sawa.