Amiri Aliyeachwa na Treni

Kheiria alichaguliwa amiri wa safari sebuleni kwa Balqees, mtaa wa Wattaya, Maskati, kwa kura moja, na kura yenyewe aliipiga yeye. Hakuna aliyempinga. Watu watatu wakisafiri ni sunna wamchague mmoja wao awe amiri, wamtii mpaka warudi, na Kheiria alizaliwa kutiiwa. Hata wizarani alikostaafu, nasikia wapo ambao mpaka leo hukaa wima wakisikia kisigino cha kiatu kinagonga sakafu. Basi akatandaza ramani ya Ulaya mezani, akaondoa sahani ya halwa iliyokuwa imeikalia Ufaransa, akaanza kugawa kazi.

Taghreed akapewa lugha, kwa kuwa alizaliwa Bujumbura na Kifaransa chake hakijaota kutu. Balqees akapewa tikiti za treni, kwa kuwa ana subira na simu. Kheiria mwenyewe akachukua vilivyobaki, yaani kila kitu.

"Na kuchelewa sitaki," akasema. "Mwenye kuchelewa tutamwacha."

Balqees akakiinamia kikombe chake cha kahawa asionekane uso. Alijua maneno yale hayakumlenga yeye wala Taghreed. Yalimlenga mtu ambaye hakuwamo chumbani.

Zamani walikuwa wanne. Wa nne alikuwa Sayyida, fundi wa vitumbua na fundi wa kuchelewa, ambaye hata siku ya ndoa yake watu walimsubiri atoke bafuni ndipo aulizwe kama ameridhia. Alikua akiingia na kutoka kwa mamake Kheiria kama kwao, akila jikoni bila kukaribishwa. Miaka minne nyuma yule mama alifariki, na Sayyida alikuwa Ubelgiji, mji wa Namur, kwa binti yake aliyejifungua. Ndege zilikuwa zimejaa. Akafika Maskati siku ya nne.

Matanga ni siku tatu. Siku ya nne mikeka imekunjwa, mabirika ya kahawa yameoshwa, na mfiwa ameachiwa msiba wake. Sayyida alishuka teksi na begi lake, abaya imekunjamana, akamkuta Nansubuga, msichana wa kazi kutoka Uganda, anafagia ukumbi. Nansubuga akamwita bibi yake. Kheiria akatoka mpaka mlangoni, akasema, "Matanga yamekwisha," na pale pale akaapa kwamba hatotia mguu nyumbani kwa Sayyida maisha yake yote. Kisha akafunga mlango.

Sayyida alirudi Namur, akahamia huko moja kwa moja. Mwenye kovu usidhani kapoa: tangu siku ile, jina la Sayyida likitajwa, Kheiria huinuka kwenda kuangalia kama jiko limezimwa, hata akiwa nyumba ya watu.

Balqees ndiye aliyebaki katikati, akizungumza na Sayyida kwa siri kama mtu na mchumba wake. Mwezi mmoja kabla ya safari Sayyida alimwambia kwenye simu, "Nimechoka kubisha, shoga yangu. Mara hii akinigeuzia uso tena, basi. Maskati sitorudi, na wewe usinipigie, maana kila nikikusikia wewe nnamsikia na yeye." Balqees alilia baada ya kukata simu, akalia kwa sauti, mtu mzima mwenye wajukuu. Kisha akapangusa uso, akafungua kompyuta na kununua tikiti za kutoka Brussels kwenda Luxembourg zenye kubadilisha treni Namur.

"Kwa nini tubadilishe?" Kheiria aliuliza alipoziona. "Ipo inayokwenda moja kwa moja."

"Imejaa," akasema Balqees.

Haikujaa. Lakini uongo wa kupatanisha watu umeruhusiwa, hata mashekhe wanasema, na Balqees alikusudia kuitumia ruhusa yote.

Siku ya treni yenyewe, hotelini Brussels, amiri aliwaamsha kabla ya jua, akawakagua pasipoti, akayahesabu masanduku kwa kuyapigapiga mgongo kama mbuzi wa Idi. Stesheni walifika mapema hata muuza kahawa hajafungua. Treni ikaja, wakapanda vizuri, kila mmoja akapata dirisha, na Taghreed akatoa tende na karanga akaanza kuwakaribisha abiria wa jirani, ambao walikataa kwa adabu ya watu wanaodhani wanauziwa.

Balqees hakuonja hata tende moja. Mpango wake ulikuwa mdogo na, kwa maoni yake, hauna tundu. Namur wangeshuka, wangevuka kwenda upande wa pili, na pale pale kwenye treni ya Luxembourg Sayyida angekuwa amesimama na thamosi yake. Dakika chache tu. Salamu moja, macho kwa macho, mambo yengine Mungu atayajua. Alichosahau ni kwamba mpango huo ulimtegemea Sayyida kuwahi.

Treni ilipokuwa inapunguza mwendo kuingia Namur, simu ikatetemeka mkobani. Ujumbe wa Sayyida: "Nnakuja. Hamira iligoma, vitumbua havikuumuka. Nshapanda basi."

Balqees alitamani kumnyonga. Miaka minne ya kutoonana, tikiti, uongo, dua, halafu vitumbua. Akauangalia mgongo wa Kheiria aliyekwishasimama mlangoni na sanduku lake, na hofu ikamshika barabara. Treni ya Luxembourg ikiondoka nao, Sayyida atafika stesheni akute reli tupu. Atasema Kheiria kamkimbia, na hapana ulimi utakaomtoa neno hilo moyoni.

Wakashuka, wakavuka. Treni ya pili ilikuwa imekwishafika, milango wazi. Amiri mbele, Taghreed nyuma yake, Balqees wa mwisho akiburura sanduku kwa ugonjwa wa mguu aliouanzisha hapo hapo. Haikusaidia. Walifika mlangoni na muda wa kubaki.

Hapo ndipo Balqees alipokumbuka wao ni watu gani.

Mtu wa Maskati hapiti mlangoni kabla ya mwenziwe hivi hivi. Aliye kuliani hutangulizwa, mkubwa hutangulizwa, mgeni hutangulizwa, na kila mmoja hukataa kwanza ndipo akubali. Harusini nimeona chakula kinapoa, watu wazima wamesimama nje wakisukumana viwiko kwa heshima. Balqees akasogea kidogo kushoto, Taghreed akabaki kuliani kwake.

"Tafadhali, Taghreed," akasema. "Wewe uko kulia."

"Wallahi sitangulii," akasema Taghreed, aliyelelewa vizuri na hakujua kitu. "Mbele ya Kheiria? Mkubwa ni yeye."

"Ingieni," akasema Kheiria. "Amiri hupanda mwisho, akishawaona watu wake wote wamo."

"Haiwezekani tuingie sisi, wewe umesimama," akasema Balqees. "Umri ni umri."

"Na mguu wako unakuuma. Pita."

"Unaniuma, lakini adabu haijaniuma."

"Balqees, mie nshaapa kabla yako," akasema Taghreed. "Usinitie dhambini."

Wazungu wakawapita kushoto na kulia, wakapanda na baiskeli zao, wakapanda na mbwa wao. Bibi mmoja mwenye fimbo aliwaomba radhi, nao wote watatu wakampisha kwa furaha, wakamsaidia na kikapu chake, kisha wakarudi kwenye mzozo wao walipouachia. Filimbi ikalia. Kheiria akageuka kutazama ni ya nini, na milango ikafungana mbele ya pua yake, polepole, bila matusi. Treni ikaondoka. Yule bibi wa fimbo akawapungia mkono dirishani.

Taghreed akakaa juu ya sanduku lake, akacheka mpaka akashika mbavu. Kheiria hakucheka. Alisimama akiitazama reli kama aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua.

"Nimeachwa na treni," akasema. "Mimi."

Taghreed akaenda kumuuliza mtu mwenye kofia, akarudi na habari kwamba nyingine itakuja baada ya saa nzima. Kheiria akasema vyema, atautumia muda huo kwenda chooni, akaondoka wima na mkoba wake. Akarudi upesi zaidi ya alivyokwenda, wima vile vile.

"Choo kipo," akasema. "Maji hamna. Pana karatasi."

Akakaa kwenye benchi, akakutanisha magoti, akawatazama njiwa wa stesheni kwa chuki. Kuna mambo ambayo hata Taghreed hayachekei.

Sayyida akatokea ngazini akihema, thamosi kwapani, bakuli limefungwa kanga mikononi. Alikuwa amenenepa na amezeeka, na Balqees alipomwona moyo ulimlipuka kwa furaha na hofu pamoja. Taghreed akafungua mdomo, akamtazama Balqees, akaufunga. Kheiria akainua macho. Kisha akasimama, akawapa mgongo wote, akaanza kusoma ratiba ya treni iliyobandikwa ukutani, yeye ambaye kwa Kifaransa hajui hata maji.

Basi ndiyo hiyo, alijiambia Balqees. Kamgeuzia uso. Nimewakutanisha ili waachane vizuri zaidi. Alihisi mkono wa Sayyida ukitafuta pa kuweka bakuli ili ageuke arudi alikotoka, na hakujua amshike au amwache. Alijiona mjinga, mwanamke mzima aliyedhani miaka minne inafutwa kwa mchezo wa mlangoni.

Lakini Sayyida hakugeuka. Aliweka bakuli kwenye benchi, akaweka thamosi, akanyoosha mtandio wake kama anayeingia msibani. Akauambia ule mgongo neno la kumpa pole mfiwa, ambalo angelilisema Maskati siku ile, kama mlango usingefungwa.

"Makiwa, Kheiria."

Upande wa pili treni ilikuja, ikateremsha watu, ikaenda zake. Kidole cha Kheiria kilikuwa kimesimama juu ya ratiba, hakisogei.

"Tunayo," akaitikia mwishowe, kama mfiwa anavyoitikia, huku bado anautazama ukuta.

Kisha akageuka, na uso wake ulikuwa umelowa.

"Siku tatu nyumba ilijaa watu," akasema. "Sikuwa na nafasi hata ya kumkumbuka mamangu, nnashughulika na kahawa za watu. Siku ya nne wote wakenda zao. Ndiyo siku nliyokutaka wewe. Na ukaja, Sayyida. Umesimama pale na begi lako, na mie nikakufungia mlango. Miaka minne nnajiuliza kwa nini, sijapata jawabu."

"Ulikuwa na msiba," akasema Sayyida.

"Wafiwa wote wana msiba. Hawafungii watu milango."

Sayyida hakungoja amalize. Akamkumbatia kwa nguvu, abaya na koti vikachanganyika, na wakalia pale pale mbele ya Wabelgiji, kilio cha kweli cha matanga, chenye kumtaja marehemu kwa jina na kwa samaki wake wa kupaka. Taghreed akalia pia. Balqees alilia kuliko wote, na ndilo lililomponza, kwa sababu Kheiria alipojifuta macho, la kwanza aliloliona ni ule uso uliojaa ushindi.

"Hebu," akasema polepole. "Wewe Sayyida, ulijuaje kama tuko hapa?"

Sayyida akatazama chini. Kheiria akamgeukia Balqees, na Balqees akaiona akili ya wizarani ikirudi kazini: tikiti, kubadilisha treni, mguu, mlango.

"Imejaa," akasema Kheiria. "Uliniambia imejaa."

"Nilikuwa nataka..."

"Na mguu je?"

"Umepona."

"Ukatuapisha mlangoni kama watoto," akasema Taghreed, aliyeanza kuelewa. "Mie nimeapa wallahi, Balqees."

"Aibu," akasema Sayyida, mgeni wa dakika tano, akasimama ubavuni kwa Kheiria na mikono kiunoni. "Watu wazima kuwafanyia hivi. Wangelivunjika miguu?"

"Mwanamke huyu ana hila," akasema Kheiria.

"Tangu skuli," akasema Sayyida.

Wakaendelea hivyo kwa zamu, mmoja akivuta pumzi mwenziwe akidakia, na Balqees akainamisha kichwa akipokea. Hakuwahi maishani kufurahia kukaripiwa namna ile. Aliomba wasichoke.

Kheiria ndiye aliyenyamaza kwanza. Sura yake ilibadilika, akarekebisha msimamo, akakutanisha magoti tena.

"Nyumba yako mbali, Sayyida?"

"Basi, vituo viwili."

"Chooni mna maji?"

"Mna bomba la kushikia. Nimelinunua mwenyewe Maskati, pale Hamriya, nikalileta sandukuni."

Amiri akafikiri. Wenzake wakamngoja, kila mmoja akikumbuka kile kiapo cha kutotia mguu kwa Sayyida, hakuna aliyethubutu kukitaja.

"Kafara ya kiapo ni kulisha maskini kumi," akasema Kheiria. "Tukirudi Maskati nitawalisha. Mpishi ni Balqees, na wali nautaka wa nyama."

Akachukua bakuli la vitumbua kwa mkono mmoja, mkono wa pili akamshika Sayyida, akaanza kuteremka ngazi kwa haraka ambayo hakuna aliyemlaumu.

"Na treni yetu?" Taghreed akauliza, anahangaika na masanduku.

"Iende," akasema amiri.