Samaki wa Bati

Bati lolote lililoingia gereji ya Fundi lilitoka limenyooka, lipende lisipende. Fundi huyo alikuwa mwanamke mbishi tangu utotoni, na aliyeujua ubishi huo kuliko mtu yeyote ni dada yake, mwenye tanuri la mikate ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo Fundi alipomwundia kigari cha betri, cha magurudumu matatu, cha kupelekea mikate hospitali, dada mtu alikipokea. Alisubiri aone.

Akaona. Kigari kilitoka kwa mbwembwe kila asubuhi, na kila asubuhi kikakata roho kwenye barabara ya uwandani, hospitali ikionekana kabisa. Pale hakuna nyumba wala ukuta, upepo unakupiga uso kwa uso. Dereva, ambaye ndiye mume wa dada, alishuka akasukuma, na huko wodini watu wakanywa chai bila kitafunwa.

Fundi akasema mchawi ni upepo: kigari kina umbo la sanduku, na sanduku haliendi popote bila kugombana na hewa. Akaenda sokoni, akawakodolea macho samaki mpaka wauzaji wakadhani anawadai. Akarudi, akagonga ganda la bati lenye umbo la samaki, upande mmoja mnene wa mviringo, upande mwingine mwembamba. Akalifunga juu ya kigari, ncha kali ikiwa mbele ili ipasue upepo. Mtaa mzima ukatoka kusifu, na Fundi akavimba kichwa.

Kesho yake kikazima palepale.

"Shemeji," dereva alimwambia akijifuta jasho, "hiki ulichoniundia ni gari au ni mzigo?"

"Gari halina kosa. Wewe ndiye umenenepa kwa mikate ya bure."

Dada mtu hakucheka. "Kikizima tena kesho, narudi kwenye pikapu ya kukodi. Na hiki nitawapa kuku watagie."

Fundi aliumia, tena sana. Angeweza kuvumilia kuchekwa na mji mzima, lakini si kuonekana wa ovyo na dada yake huyu aliyemlea. Akazunguka kigari akitafuta pa kukilaumu. Mbele kulikuwa safi. Nyuma, kwenye kile kitako kipana, vumbi lilikuwa limeganda zito kama unga kwenye meza ya dada yake. Akashangaa. Upepo unapiga mbele, vumbi linafuata nini nyuma?

Akaingia jikoni kwa dada yake akiwa na kisirani, akakuta samaki wa mchana kwenye beseni la maji. Akamshika mmoja, akamsukuma kichwa mbele. Samaki akateleza mpaka ukingoni, maji yakafumba nyuma yake kimyakimya. Akamgeuza, akamsukuma mkia mbele. Samaki akayumba, mapezi yakatanuka, na maji yakachafuka nyuma yake, yakizunguka na kumvuta, kama hewa iliyokusanya lile vumbi kwenye kitako cha kigari.

Fundi akasimama, mikono ikichuruzika. Alikuwa amewatazama samaki soko zima bila kujiuliza wanaogelea kuelekea wapi.

"Dada! Nimemwendesha samaki kinyumenyume!"

"Na huyo wa kwangu mrudishe kwenye beseni," dada akajibu. "Ndiyo mboga."

Mchana kutwa gereji ililia nyundo. Fundi alifungua boliti, akaligeuza ganda, akakata dirisha kwenye upande wa mviringo na kuziba lile la zamani. Shemeji yake alishika bati huku akilalamika kwamba sasa ataonekana amepanda kibuyu.

Asubuhi kikaondoka, uso mnene mbele, mkia mwembamba nyuma. Fundi hakushika nyundo. Alisimama mlangoni kwa tanuri akitafuna ukucha, na dada yake alikanda unga bila kumtazama, ingawa kila honi ilipolia mikono yake ilisita.

Kikarudi chenyewe. Hakuna aliyekuwa akisukuma. Kikapita mbele yao, kikazunguka mtaa, kikapita tena, dereva akipunga mkono kama bwana harusi.

"Mikate imefika ya moto!" alipiga kelele. "Na betri bado inadai safari!"

Fundi akakimbilia nyuma, akapitisha kidole kwenye mkia. Vumbi kidogo tu. Machozi yakamtoka.

Dada mtu alikikagua kigari kuanzia usoni hadi mkiani, mikono kiunoni. Kisha akamgonga mumewe begani.

"Shuka."

"Niende wapi?"

"Shuka, nimesema." Akajipenyeza kwenye usukani, aproni na unga wake vyote, akamgeukia mdogo wake. "Muda wote huo nilikuwa naogopa kukipanda hiki kigari cha ubishi wako. Angalieni mikate isiungue."

Akaondoka. Kwenye kona walimsikia akicheka peke yake, na harufu ya mikate kuungua ilipoanza kutoka, wote wawili walikuwa bado wamesimama barabarani wakimtazama.