Dawa ya Kushika Mkaa

...na asipulize kwa karibu, dawa itaacha madoa, umbali wa mkono mmoja unatosha, mkono mwepesi, kushoto kwenda kulia, ikauke, kisha tena, haya anayajua hata usingizini, ila kopo la dawa analo mkononi, dirisha amelifungua, mchoro wa mkaa umelala mezani, na kidole kimegoma kubonyeza, na huko sebuleni wifi yake aliyekuja kuuchukua anaita, "Wifi, bado tu? Kaka atastaafu mara ya pili tukichelewa!" anacheka peke yake, acheke, kucheka ni bure... kaka, eti kaka, mume aliyehamia kwa mwanamke mwingine na mashati yake yote, akaiacha sura yake ya mkaa chini ya kitanda kama kiatu kisicho na mwenzake, leo wanamuaga kazini ndipo anaikumbuka, itundikwe ukumbini, na huyo mwanamke akae chini yake akitabasamu, wageni waulize nani kachora, waambiwe, aa, mtu mmoja tu... Mtu mmoja tu! Mtu aliyemkalisha barazani jioni nzima, "usitingishike," naye, "nikikohoa je?" "kohoa kwa adabu," wakacheka hadi kijiti cha mkaa kikakatika, siku hizo alikuwa anachekesha, mbwa yule, halafu dawa akaikataza, harufu inamuumiza kichwa, basi miaka yote mchoro ukaishi kwa uangalizi tu, karatasi laini juu yake, ulale bapa, usikunjwe, usisuguliwe, watoto wasiuguse, yeye mwenyewe akiufunua anageuka pembeni kupumua, kwa ajili ya uso ambao haukumwambia hata asante... "Usipopuliza si utafutika njiani, wifi?" Utafutika, naam, na ufutike, auviringishe tu kama mkeka, mdomo uhamie shavuni, pua ipotee, mstaafu afike ukumbini hana uso, wazo tamu hilo, analiramba kama asali, kidole kinashuka kutoka kwenye kopo... na hapo macho yanaangukia kola ya shati, ile samawati ya chaki ya rangi, aliipakaza kwa ncha ya kidole hadi kitambaa kikajikunja chenyewe, na kivuli kile chini ya taya, Mungu wangu, kivuli kile nani alimfundisha, hakuna, wala mwanamume hakuwa nacho, taya lake la kawaida tu, la kutafunia, kivuli ni cha kwake yeye mchoraji, cha mkono wake, siku mkono ulipokuwa haujachoka... miaka yote akidhani anatunza sura ya mume, kumbe mume alikuwa kisingizio tu... "Wifi! Nije nikusaidie kuukunja?" "Usiguse mlango, napuliza!" anajibu, na bado hajapuliza, lakini atapuliza, taratibu, tabaka juu ya tabaka, ukauke kabisa, kisha wifi atoke humu mikono mitupu, huko ukumbini mwenye uso wake yupo, mzima, wamtundike mwenyewe.